Mashine ya leza inachora mistari mistari? Usinunue tyubu kabla hujaangalia haya

Simu nyingi tunazopokea kutoka kwa wateja wenye mashine za leza za CO2 zinafanana sana, fundi mashine inachora mistari mistari, ngao haieleweki, kadi zinaungua kwenye kona, nadhani tyubu imekufa nipe bei ya tyubu mpya. Ukimuuliza ameangalia nini anakwambia hajaangalia kitu ila jirani yake wa fremu ya pili kamwambia hiyo ni tyubu. Sasa sisi tyubu, lile bomba la glasi linalotoa mwanga wa leza, tunauza, tungeweza tu kukutajia bei ukalipa ukaondoka, lakini tyubu mpya ukiifunga kwenye maji ya moto na umeme unaopanda na kushuka itayumba vilevile, na itakufa mapema, alafu utarudi na hasira na utakuwa na haki. Mara nyingi tyubu ni nzima kabisa, kinachoyumbisha mwanga ni vitu vinavyoizunguka.

Tunaongelea hapa hizi mashine za akriliki, plaiwudi, emdiefu, mihuri ya raba na kadi za harusi, zenye tyubu ya glasi ya wati 40 mpaka 100 hivi. Mwanga wake hauonekani kwa macho, urefu wa wimbi lake ni mikroni 10.6 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwaio huwezi kuuangalia ukajua umetulia au haujatulia, lazima upime au uangalie kazi yenyewe imetokaje.

Kitu cha kwanza kabisa ni mita ya miliampia, ile ya sindano inayoonesha mkondo wa umeme unaopita kwenye tyubu. Kama mashine yako haina, funga, ni kitu cha bei ndogo na kinakupa majibu mengi kuliko vyote, ila afunge fundi anayejua manake pawasaplai ya leza inatoa volti elfu ishirini na zaidi kuwasha tyubu na hata ukizima inabaki na chaji, hiyo inaua. Ukishakuwa na mita chukua kipande cha emdiefu cha kutupa, chora mstatili mmoja wa ukubwa wa kiganja, wa kijivu tupu bila picha, pawa asilimia 30, na wakati inachora macho yako yawe kwenye sindano. Sindano ikitetemeka au kuruka ruka, tatizo liko upande wa umeme. Sindano imetulia tuli lakini kijivu kinakolea na kupauka polepole kadri dakika zinavyokwenda, hapo ni joto. Sindano imetulia na mistari imepangana kwa nafasi sawa kama ya daftari, achana na leza kabisa, kaangalie mkanda, beringi na reli, na kama upande mmoja wa meza unakata vizuri na mwingine haukati basi ni vioo havijanyooka.

Tuanze na joto, manake hapa Dar ndio linatesa watu zaidi. Ndani ya tyubu kuna mchanganyiko wa gesi, kabonidioksaidi ndio inatoa mwanga, naitrojeni inaipokeza nguvu, na heliamu inabeba joto kulipeleka kwenye ukuta wa glasi ambako maji yanalichukua. Molekuli ikishatoa mwanga inatakiwa ishuke mpaka chini ipoe ndio iweze kuinuliwa tena, gesi ikiwa ya moto zinakwama katikati, haziko juu haziko chini, na mwanga unapungua hata kama miliampia ni zilezile. Ndio maana mtu anatwambia asubuhi mashine inakata akriliki ya milimita 5 vizuri, ikifika saa nane mchana haikati mpaka irudie mara mbili. Tyubu haijachoka, maji ndio yamekuwa ya moto.

Na hapa kuna kitu wauzaji wengi hawakwambii. Chila ni ile mashine ya kupoza maji ya tyubu, na chila ya CW-3000 ni feni na rejeta tu, haina kompresa, kwaio haiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba hata ufanyeje, chumba kikiwa nyuzi 32 maji yatakuwa 32 na zaidi. Kwa tyubu ndogo ya kazi nyepesi kwenye mji wa baridi sawa, lakini kwa wati 80 kwenye chumba kisicho na AC hapa mjini haitoshi. CW-5200 ina kompresa kama ya friji, unaiwekea nyuzi unazotaka na inazishikilia, tofauti kama 0.3 juu au chini. Ile ya ndoo na pampu ya tanki la samaki hatutaki hata kuiongelea sana, ila hii hesabu ifuate kidogo kwasababu ndio inaeleza kile kijivu kinachokolea na kupauka.

Tyubu ina kioo huku na kioo kule, na mwanga unaenda na kurudi katikati yao, kwaio urefu kati ya vioo viwili ndio unaoamua ni mawimbi gani yanakaa sawa ndani. Tyubu ya wati 80 ina urefu karibu mita 1.2, na glasi yake ikipanda joto nyuzi moja inarefuka karibu mikroni 4. Unaweza kusema mikroni 4 ni nini, lakini nusu ya wimbi la huu mwanga ni mikroni 5.3 tu, yaani kila maji yakipanda nyuzi moja na kitu leza inahama kutoka wimbi moja kwenda jingine, na kila inapohama nguvu inashuka kidogo alafu inapanda. Ndoo yako ikitoka nyuzi 28 mpaka 36 wakati unachora ngao moja kubwa, mwanga umepanda na kushuka kama mara sita, na hiyo yote inabaki imeandikwa kwenye ngao. Chila inayoshikilia 0.3 hiyo safari haipo. Bado ipe mashine dakika kumi na tano pampu ikizunguka na uchome choma vipande vya kutupa kabla ya kazi ya mteja, glasi itulie kwanza.

Kwenye maabara kubwa wanalimaliza hili tatizo kwa njia nyingine na kwa kweli inapendeza kuijua. Wanaupeleka mwanga kwenye vioo viwili vilivyowekwa kwa umbali usiobadilika, mwanga unaorudi unawaambia leza imeteleza upande gani, alafu elektroniki inairudisha palepale, muda wote bila kupumzika. Ronald Drever, John Hall na wenzao waliionesha mwaka 1983, wakijenga juu ya wazo la Robert Pound wa enzi za mawimbi ya redio, na njia hiyo ndio ipo kwenye mitambo ya LIGO kule Marekani, yenye mikono ya kilomita 4, iliyonasa mawimbi ya graviti kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015. Sisi kwenye tyubu ya glasi vioo vimegandishwa na gundi, huwezi kuvisogeza, kwaio tunachoweza kushikilia ni joto na mkondo wa umeme. Hivyo viwili tukivishika vizuri kazi inatoka safi.

Sasa tahadhari moja na tunaomba uichukulie kwa uzito. Mtu akisikia baridi ni nzuri anaenda kuweka chila nyuzi 15. Nairobi au Arusha inaweza ikapita, hewa ni kavu kidogo. Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, hapana. Miezi ya Machi na Aprili hewa ya pwani inaanza kuacha maji kwenye kitu chochote chenye nyuzi kama 24 kushuka chini, ndio ule unyevu unaouona kwenye chupa ya soda. Tyubu yako itatoka jasho, jasho kwenye waya wa volti kubwa linafanya cheche, na jasho kwenye kioo cha kutolea mwanga linakiunguza, na hapo sasa kweli utanunua tyubu. Chumba kisicho na AC miezi hiyo weka 25, chumba chenye AC iliyokausha hewa shusha mpaka 20 au 22, Juni mpaka Agosti pia unaweza kushusha. Pitisha kidole juu ya glasi mashine ikiwa imezimwa swichi ya ukutani, ukihisi unyevu pandisha nyuzi.

Maji yenyewe yawe ya distili, yale ya betri yasiyo na asidi yanafaa. Maji ya kisima ya hapa mengi yana chumvi, na maji ya chumvi yanapitisha umeme, kwaio sehemu ya umeme wa tyubu inavujia kwenye maji badala ya kupita kwenye gesi, sindano inaanza kucheza na kila mtu anasema pawasaplai. Angalia pia povu la hewa kwenye maji yaliyo ndani ya tyubu, likikaa karibu na kioo pale glasi inapata moto mahali pamoja na kupasuka, izungushe tyubu mpaka litoke.

Upande wa umeme. Gesi ikishawaka ina tabia mbaya, ukiongeza mkondo volti inashuka na mkondo unataka kuongezeka tena wenyewe, kinachouzuia ni pawasaplai tu, kwaio pawasaplai dhaifu au inayolishwa umeme mbovu inaonekana moja kwa moja kwenye kazi. Mashine isikae laini moja na kompresa ya AC, wala na jirani wa kuchomelea mageti, kila akigusa chuma wewe unapata mstari. Stabilaiza za relei, zile za kulia tak tak, kila tak ni volti imeruka ghafla, chukua ya sevo ambayo inapanda na kushuka taratibu. Na athi iwe athi ya kweli, fimbo ya shaba imezama ardhini, sio waya uliofungwa kwenye dirisha, kisha ule waya mwekundu wa volti kubwa uutenge mbali na nyaya za kontrola kwasababu unazichafua.

Kuna wateja wa kadi wanaoshusha pawa mpaka miliampia 3 ili karatasi isiungue, alafu mchoro unatoka na matobo. Tyubu nyingi chini ya miliampia 4 au 5 gesi inawaka na kuzima, hakuna fundi wa kuituliza hapo. Usishushe mkondo, ongeza spidi au inua lenzi kidogo itoke kwenye fokasi. Kona zinazoungua nazo ni seti ya pawa ya chini kwenye kontrola, kichwa kinapunguza mwendo kwenye kona na pawa inatakiwa ipungue pamoja nacho, weka ya chini juu kidogo ya pale gesi inapotulia na uache hiyo ya juu ifanye kazi kwenye mstari mrefu.

Wenye mashine za faiba za kuchora pete na cheni, yenu ni mikroni 1.06 na shida kubwa ni mwanga kurudi ndani ukigonga fedha au shaba iliyong'arishwa. Inamisha kidogo kitu unachochora kisikae mkabala kabisa na lenzi, inasaidia sana.

Ukitaka tuje tukuangalizie, kabla hujapiga simu tutumie video ya sindano ya miliampia wakati mashine inachora ule mstatili wa kijivu, picha ya kipande chenyewe kwenye mwanga mzuri wa dirishani, na namba inayosomeka kwenye chila mwanzo na mwisho wa kazi. Kwa hivyo vitatu tunajua tubebe pawasaplai, vioo au galoni la maji ya distili, na kama ni kitu unachoweza kurekebisha mwenyewe tutakuelekeza kwa simu bila malipo. Tukija tunakuja na mita ya kupimia nguvu ya mwanga, tunapima mdomoni kwa tyubu, alafu baada ya kila kioo, na unaandikiwa namba zote kwenye karatasi ubaki nazo. Tyubu tutakuuzia pale tu ambapo maji yamekaa sawa, sindano imetulia, na mdomoni bado mwanga ni mdogo.