Fundi wa mashine si mtalii

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huku Nyanda za Juu Kusini tumezoea kuliona kuwa ni la kampuni kubwa za Dar es Salaam, ilhali linatugusa sisi wenye viwanda vidogo, vyama vya ushirika, shule na hospitali za misheni: viza na vibali vya kazi vya wageni ambao tunawaalika sisi wenyewe waje kutufanyia kazi.

Mimi ni mtunza hesabu. Ninahudumia viwanda kadhaa vya kukoboa mpunga katika Wilaya ya Mbarali, na makaratasi ya wageni huangukia mezani kwangu kwa sababu hakuna mwingine wa kuyashika. Miaka michache iliyopita kiwanda kimoja kati ya hivyo, ambacho sitakitaja, kilinunua ng'ambo mashine ya kuchambua mchele kwa rangi, ile inayomulika kila punje kwa kamera na kuipuliza kando iliyobadilika rangi. Bei ya mashine ilijumuisha fundi wa kuja kuifunga. Dalali aliyeshughulikia mzigo alimshauri mwenye kiwanda kwamba fundi huyo aombe viza ya kawaida ya dola 50 na ajaze kuwa anakuja matembezi, kwa maelezo kwamba kwa siku kumi tu hakuna atakayeuliza. Siku ya tatu maofisa waliokuwa katika ukaguzi wao walimkuta amelala chali chini ya mashine, ovaroli imejaa grisi, spana mkononi, huku pasipoti yake ikisema ni mtalii. Sikuwa na la kujitetea, kwa kuwa barua ya mwaliko niliiandika mimi.

Sina malalamiko dhidi ya maofisa wale. Walifanya kazi yao kwa staha, na maswali waliyouliza ndiyo ambayo mimi nilipaswa kujiuliza kabla ya kushika kalamu. Kazi ilisimamishwa, fundi akarudi kwao kabla hajamaliza kuirekebisha mashine, nayo ikakaa chini ya turubai mwezi wa Juni, wakati mpunga wa Usangu umejaa kila uwanja. Wateja wetu walipakia magunia yao na kuyapeleka kwa washindani wetu wa Igurusi, na siwezi kuwalaumu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba viza iliyomfaa fundi yule ilikuwapo muda wote. Idara ya Uhamiaji hutoa viza ya biashara, ambayo ada yake ni dola 250 na muda wake hauzidi miezi mitatu, na katika maelezo ya matumizi yake zimetajwa waziwazi kazi za kutengeneza mashine na kutoa mafunzo ya muda mfupi. Tena tangu Novemba 2018 maombi ya viza yanaweza kufanywa kwa njia ya mtandao kabla mgeni hajapanda ndege. Kwa hiyo tulijaribu kuokoa dola 200 katika ununuzi wa mashine ambayo bei yake ni mara nyingi sana ya fedha hizo, na tukapoteza sehemu kubwa ya msimu.

Nimegundua baadaye kwamba wengi wetu huchanganya vitu vitatu. Viza humruhusu mgeni kuingia nchini kwa shughuli aliyoitaja. Kibali cha kazi humruhusu kufanya kazi fulani kwa mwajiri fulani, na tangu ilipotungwa Sheria ya Kudhibiti Ajira za Wageni ya mwaka 2015 hutolewa na Kamishna wa Kazi, tofauti na zamani ambapo vibali vilitoka katika mamlaka zaidi ya moja. Kibali cha ukaazi ni cha Uhamiaji, nacho hufuata baada ya kile cha kazi. Mtu anayekuja wiki mbili kufunga mashine hahitaji mlolongo huo wote. Viza ya biashara inamtosha. Lakini anayebaki kuwa meneja wa uzalishaji, hata kama aliingia kwa viza ya biashara iliyo halali kabisa, hawezi kuigeuza viza hiyo kuwa ajira kwa kutoka na kuingia kila baada ya miezi mitatu, mchezo ambao nimesikia ukisifiwa kama ujanja.

Huku mipakani kuna mkanganyiko wa aina yake. Raia wa Zambia na Malawi hawahitaji viza kuingia Tanzania, na pale Tunduma, mpakani na Zambia, tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019, taratibu za nchi zote mbili hukamilishwa mahali pamoja. Kwa upande wa Kasumulu, mpakani na Malawi, watu wa Kyela na wa ng'ambo ya Mto Songwe ni ndugu, wanazikana na kuoana tangu kabla mpaka haujachorwa. Ni rahisi, basi, mwenye gereji au hoteli kuamini kwamba shemeji yake aliyevuka bila viza anaweza pia kuajiriwa bila kibali. Msamaha wa viza ni wa kuingia tu, na mwajiri anayemwandikisha mgeni kazini anapaswa kumwombea kibali kama ambavyo angemwombea Mhindi au Mjerumani.

Misheni nazo zina kosa lao. Anapofika daktari au mwalimu wa kujitolea, husemwa kwamba kwa kuwa halipwi mshahara hafanyi kazi, hivyo hahitaji karatasi. Sheria imeweka daraja mahususi la kibali, Daraja D, kwa wanaoshughulika na taasisi za dini na za hisani zilizosajiliwa, na kuwapo kwa daraja hilo peke yake ni jibu la kutosha.

Niongeze neno kuhusu wanunuzi wa mazao, maana msimu wa parachichi Rungwe na Njombe huleta wageni wengi. Amri iliyotolewa Julai 2025 iliwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, mojawapo ikiwa ni kununua mazao shambani. Anayeikiuka anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kufungwa hadi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Hivyo mgeni mwenye viza ya biashara, aliyelipa dola zake 250 na kugongewa muhuri vizuri, bado haruhusiwi kuegesha lori kando ya shamba la mkulima wa Tukuyu na kupima matunda. Nasi wenyeji tusijione tuko salama, kwani Mtanzania anayemsaidia kufanya hivyo naye ana adhabu yake, faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Vijana wanaowaongoza wageni kwa bodaboda kutoka shamba hadi shamba wangefaa kuelezwa hilo na viongozi wao wa vijiji mapema, si na hakimu.

Hata hivyo, nikiambiwa nichague jambo moja la kusisitiza, nitachagua lile ambalo hata wanaofuata taratibu zote hulifanya kwa mkono wa kushoto. Sheria ya 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kurithisha ujuzi, yaani aonyeshe namna Mtanzania atakavyofundishwa kazi ile ili mgeni atakapoondoka isisimame. Kibali hutolewa kwa muda, na muda huo umewekwa kwa sababu hiyo. Nimewahi kuiona mipango ya namna hii katika mafaili ya waajiri. Mingi imeandikwa vizuri, ina majedwali, na jina la kijana atakayerithi limechapwa kwa herufi kubwa. Safari moja nilimtafuta kijana kama huyo ili atie sahihi karatasi nyingine, nikamkuta mlangoni kwenye mizani akipima magunia. Hakuwahi kuambiwa kwamba yeye ndiye mrithi wa mtu yeyote.

Matokeo yake tunayaona kila mwaka. Mashine ikisumbua kidogo, taa imefifia au mirija ya hewa imeziba, tunapiga simu ng'ambo. Mgeni anakuja tena, analipiwa nauli ya ndege hadi Uwanja wa Songwe, hoteli, na viza ya biashara mpya, anafanya kazi ya saa mbili na kuondoka. Mimi ndiye ninayeingiza gharama hizo vitabuni, na naweza kusema bila kutaja tarakimu za mtu kwamba ada ya viza ndiyo ndogo kuliko zote. Wapo watakaosema kwamba dawa ni serikali kupunguza ada au kulegeza masharti. Sikubaliani nao. Masharti yanayomlazimisha mwajiri aeleze kwa nini kazi haiwezi kufanywa na mwenyeji, na lini itaweza, yanamsaidia mwajiri mwenyewe kama angeyasoma badala ya kumlipa mtu ayajaze.

Ombi langu kwa maofisa biashara wa halmashauri zetu ni dogo. Mwenye kiwanda anapofika kwao kwa ajili ya leseni, aulizwe kama anatarajia kuagiza mashine itakayokuja na fundi, na aonyeshwe ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unaotofautisha viza ya kawaida, viza ya biashara na kibali cha kazi. Hapo ndipo mahali pa kuzuia kosa, kwa kuwa akishakutana na dalali wa mizigo atakuwa amekwisha kupata mshauri mwingine. Kwa wenzangu wanaoandika mikataba ya ununuzi, gharama ya viza iingizwe kwenye bei tangu mwanzo na itajwe ni nani ataibeba, pamoja na siku ambazo fundi atakaa akifundisha baada ya mashine kuanza kufanya kazi.

Kiwanda nilichokitaja mwanzoni kinatarajia fundi mwingine kabla ya mavuno. Safari hii barua ya mwaliko inasema kwamba anakuja kufunga mashine na kufundisha, ombi la viza ya biashara limeshatumwa, na kijana wa kwenye mizani ameondolewa mlangoni kwa wiki hizo mbili ili ashinde naye. Ameshanunua daftari.

Mtunza hesabu,
Uyole, Mbeya