Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: ada ya mwindaji irudi porini

Mheshimiwa Waziri,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

YAH: MATUMIZI YA ADA ZA UWINDAJI WA KITALII

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Nakuandikia kutoka Tarafa ya Nkonko, wilayani Manyoni, upande ambao mashamba ya mtama na alizeti yanatazamana na mapori ya akiba ya Kizigo na Muhesi. Siombi uwindaji ufungwe. Wapo wanaoomba hivyo, na wengi wao wanaishi mbali na tembo. Ninaloomba ni moja: fedha anayolipa mwindaji ili apige mnyama huku, sehemu kubwa ifungwe kisheria kwa ulinzi wa pori hilohilo na vijiji vinavyolizunguka, asiwepo wa kuihamishia kazi nyingine.

Kwetu gari la watalii wa kupiga picha haliji. Vichaka vimeshikana kiasi kwamba simba anaweza kuwa hatua kumi usimwone, mbung'o anakung'ata juu ya shati, na masika yakikolea njia zinakatika. Serengeti ina geti na foleni ya magari. Sisi tuna mwindaji, na asipokuja tunajua kinachofuata. Kati ya mwaka 2009 na 2014 ujangili ulishusha idadi ya tembo wa nchi hii kutoka takriban 109,000 hadi takriban 43,000. Mwaka huohuo wa 2014 Marekani ikasimamisha kupokea nyara za tembo (meno na sehemu nyingine za mnyama aliyewindwa) kutoka Tanzania, wateja wakapungua, na kampuni kadhaa zikarudisha serikalini vitalu vyao, yaani maeneo ya pori waliyopewa kuwindia. Kitalu kilichokosa mwenyewe hakikai kitupu, Mheshimiwa. Anaingia mwenye gobore, anafuata mchoma mkaa, kisha mifugo.

Mwindaji huyo halipi kidogo. Kuna ada ya kitalu inayolipwa na kampuni, kuna kibali, kuna ada ya uhifadhi kwa kila siku anayokaa porini, kuna ada ya kila mnyama, na nyara zikisafirishwa kuna nyingine tena. Zamani njia ya fedha hizi ilikuwa inaonekana walau kwenye karatasi: Mfuko wa Kuhifadhi Wanyamapori upo tangu mwaka 1978, na halmashauri zilizoea kusikia habari ya asilimia 25 yao ya mapato ya uwindaji. Mwaka 2020 Sheria ya Fedha ikakabidhi Mamlaka ya Mapato (TRA) ukusanyaji wa mapato ya hifadhi za taifa (TANAPA), Ngorongoro na TAWA, mamlaka inayosimamia mapori ya akiba kama yetu, yakaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Sababu naielewa, nchi ina hospitali na barabara za kulipia. Ila fedha ikishaingia chungu kimoja inagombewa na kila wizara, na askari wa pori hayupo kwenye kikao cha ugomvi huo.

Wamarekani, ambao ndio wateja wetu wakubwa, kwao walilimaliza jambo hili mwaka 1937 kwa sheria iitwayo Pittman-Robertson. Bunduki za kuwindia na risasi zinatozwa kodi ya asilimia 11, na fedha hugawiwa majimbo kwa kuangalia ukubwa wa eneo na idadi ya wenye leseni. Sharti lake ndilo linalonivutia: jimbo halipati mgawo mpaka litunge sheria kwamba ada za leseni za uwindaji hazitatumika popote ila kuendesha idara yake ya wanyamapori na samaki. Likizichepusha, linajiweka katika hatari ya kukosa mgawo. Na kule mwindaji ni raia, jirani wa msitu, anaweza kwenda kumgombeza mbunge wake. Wa kwetu anapanda ndege na nyara zake anaondoka. Kwa hiyo kifungo cha kwetu kilipaswa kuwa kikali kuliko chao.

Nikuoneshe fedha hiyo inakosekana wapi. Mtama ukianza kukomaa vijana wanahamia kwenye dungu, kichanja cha kulindia shamba usiku. Wana tochi, madebe, na kamba iliyopakwa pilipili ya kusaga na oili chafu kuzunguka shamba. Tembo dume mzoefu hagusi kamba. Nimemtazama mmoja akiisukuma nguzo kwa mguu, taratibu kabisa, kamba ikalala chini, akapita na wenzake. Ukimpigia simu askari wa wanyamapori wa kijiji, anakuja kwa miguu, maana pikipiki siku ikiwa na mafuta haina tairi. Asubuhi tunaanza fomu za kifuta jasho, malipo ya serikali ya kumpa pole aliyeharibiwa na wanyama: mtendaji, bwana shamba apime, wilayani, wizarani. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kutegemea umbali wa shamba na mpaka wa hifadhi, na shilingi 1,000,000 kwa familia iliyofiwa. Viwango vimepandishwa tangu hapo, ahsanteni. Lakini kifuta jasho hakimzuii tembo. Mafuta, buti, fataki na mishahara ya vijana wa doria ndivyo vinavyomzuia, na hivyo vyote ni bei ndogo ukilinganisha na ada ya wanyama wachache tu.

Halmashauri nazo zibanwe vilevile, sitaki fedha itoke Hazina ikapotelee wilayani. Kila mwisho wa msimu ubandikwe ubaoni, kwenye ofisi ya kila kijiji kinachopakana na kitalu: wanyama gani wamepigwa, ada iliyolipwa, kiasi kilichorudi na kilichonunuliwa. Wizara yako haijashindwa na kazi ngumu kuliko hii. Simba asiyefika miaka 6 haruhusiwi kupigwa, na fuvu na meno yake hukaguliwa kuthibitisha. Wanaoweza kusoma umri kwenye jino wanaweza kutuandikia hesabu kwenye karatasi moja.

Msimu hufunguliwa Julai, na kabla yake Bunge la bajeti linakuwa hapohapo Dodoma na Muswada wa Fedha mezani. Kifungu kimoja kinatosha kuanzia. Kamati ikitaka kuwasikia wanaolala kwenye dungu, Manyoni hadi Dodoma ni basi la asubuhi, na nauli tutachangishana.

Mkulima,
Tarafa ya Nkonko, Manyoni, Singida.