Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Tanga

Ndugu wanachama, wazee wangu shikamooni.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi nasema tu ada zilipwe. Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, tulipima watu pale Ngamiani mpaka vijiti vya kupimia sukari kwenye damu vikatuishia kabla ya adhuhuri, na hivyo vijiti ndivyo vilivyokula mwaka wetu.

Mwenzetu anayechoma insulini akipima mara 3 kwa siku, kopo la vijiti 50 linamwishia siku ya 17. Dirishani pa dawa anaambiwa arudi mwezi ukitimia, na karatasi mpya ya daktari. Hizo siku za katikati atazame kama sisimizi wanaufuata mkojo wake chooni, kama walivyofanya babu zetu? Mimi mwenyewe nilirudishwa mara mbili, hospitali siitaji: kwanza mhuri haukusomeka, kisha vijiti vilivyokuwepo vilikuwa vya mashine nyingine. Nanyi mnajua kijiti cha mashine hii hakisomi kwenye ile.

Tumeandika barua. Tunaomba karatasi moja itumike miezi 3, maana ugonjwa huu hauponi mwezi ujao. Idadi ya vijiti ifuate matibabu ya mtu. Na aina ya mashine iandikwe hapo hapo. Si jambo geni. Marekani, bima yao ya wazee, Medicare, humpa anayechoma insulini vijiti hadi 300 kwa miezi 3, na asiyechoma 100. Nao walikuwa na vituko vyao: hadi Julai 2021, aliyetaka kifaa cha kubandika mwilini kinachosoma sukari mchana na usiku alitakiwa kwanza awe anajitoboa kidole mara 4 kwa siku. Wakaona, wakalifuta sharti hilo.

Niseme na letu, hata kama litawaudhi baadhi. Wako wanaochukua kopo kwa kadi yao ya bima wakampa shemeji. Hao ndio wanaotuletea masharti haya ya mihuri.

Bima ya Afya kwa Wote imekuwa sheria tangu 2023. Kadi zikiongezeka, foleni nayo itarefuka. Ndiyo maana tunalisukuma ombi letu sasa.

Kwa mdomo tumeambiwa ombi letu limepokelewa. Kwa maandishi, bado. Jumatatu mimi na katibu tunarudi kuuliza. Mwenye risiti za vijiti alivyonunua kwa pesa yake, azilete kwa katibu kabla ya Ijumaa, hata zilizofifia.