Beni tulinyimwa kura, hatukuahirishiwa

Ndugu Mhariri,

Kila nikisikia uchaguzi unataka kuahirishwa, nakumbuka Desemba 2018. Zikiwa zimebaki siku 4 tu, Tume ya Uchaguzi ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, CENI, ilitangaza kwamba sisi wa Beni na Butembo, pamoja na ndugu zetu wa Yumbi, tungepiga kura Machi 2019. Sababu zilizotolewa ni Ebola na ukosefu wa usalama. Lakini Rais mpya aliapishwa Januari 24. Hapo hatukuahirishiwa kura ya urais, tulinyimwa.

Ebola ilituua, hilo silikatai, nasi tulizika. Lakini masoko yalikuwa wazi na makanisa yalijaa. Desemba 30, siku ya uchaguzi, watu wa Beni walipanga foleni wenyewe, wakanawa mikono, wakatumbukiza karatasi zao sandukuni, huku wakijua kwamba hakuna atakayezihesabu. Foleni ile siisahau.

Ibara ya 5 ya Katiba yetu inasema mamlaka ni ya wananchi. Dharura ya kweli inaweza kusogeza tarehe, nakubali. Ila sehemu moja ya nchi isiachwe nyuma huku matokeo yakitangazwa. Mwaka 2023 yaleyale yaliyotupata sisi yakawakuta wenzetu wa Masisi, Rutshuru na Kwamouth.

Nawaomba wabunge waandike wazi katika sheria ya uchaguzi: kura ya urais ikiahirishwa mahali pamoja, mshindi asitangazwe mpaka wa huko nao wapige.

Mpiga kura,
Beni, Kivu Kaskazini