Kaka, mkaa uliona kabla yangu

Kaka,

Nimelifungua tena lile daftari jeusi, lile ulilokuwa ukilisukuma kwa goti kila ulipotaka kukaa kwenye benchi langu. Nimeipanga sakafuni michoro ya mkaa niliyokuchora miaka yote ya ndondi zako, wa kwanza hadi wa mwisho, nikaketi katikati kama mtu aliyechelewa kufika msibani.

Katika ya mwanzo kidevu kimejificha begani na macho mawili yanalingana. Miaka sita mbele, kope la jicho la kushoto limelegea. Mbele zaidi mdomo umeenda upande, na mikono niliyozoea kuichora kwa mistari miwili mitatu nimeifutafuta, maana ilikuwa haitulii. Mkaa uliona. Mimi nilikuwa nausifu mchoro.

Siwezi kuusahau usiku wa lile pambano la raundi 10. Ulianguka raundi ya saba, refa akahesabu hadi nane, nami chini ya kona yako napiga kelele, "Simama, Kaka, simama!" Ukasimama, ukashinda kwa pointi. Chumbani, glavu zimeshavuliwa, ukaniuliza, "Hii raundi ya ngapi?" Nikacheka. Kocha akacheka. Nawe ukacheka kwa kuwa tumecheka sisi. Halafu ukauliza tena, umeninyooshea mikono nikufunge bandeji. Nikakwambia utulie kidogo, nimalizie mdomo.

Mchoro ule niliuuza. Nusu ya fedha nilikupa, sikukwambia zimetoka wapi.

Lakini na wewe una lako. Ulinikataza nisimwambie Mama habari za kichwa. Ulisema ukipumzika mwezi mmoja tu kuna mtu atachukua nafasi yako. Ile siku uliyonirushia kiti kwa sababu taa ilikuwa kali, mwanao alikuwa amesimama mlangoni, na hukuwahi kuniomba radhi. Sasa najua hasira zile huenda hazikuwa zako. Bado zinaniuma. Nawe ndiye uliyeninunulia mkaa wangu wa kwanza, kwa malipo ya pambano lako la kwanza!

Ulikuwa ukisema glavu zinapunguza makali. Kaka, glavu zinakinga mifupa ya mkono. Ubongo unabaki unatikisika ndani ya fuvu, na hata zile ngumi za mazoezini ambazo hakuna anayezihesabu zinajumlishwa. Daktari Harrison Martland aliandika juu ya mabondia wanaopepesuka kama walevi mwaka 1928, kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Mwaka 2002 Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kugongana, akakuta protini iitwayo tau imejikusanya pasipostahili, alama ya ugonjwa wa ubongo uitwao CTE, unaohusishwa na kupigwa kichwa mara kwa mara. Nimeyasoma haya usiku baada ya usiku, ukiwa umeshaondoka. Ulipokuwa hai nilisoma vitabu vya rangi.

Uthibitisho wa ugonjwa huo hupatikana kwa kuuchunguza ubongo wa marehemu. Daktari alituomba ruhusa. Nilikataa mimi, si Mama kama watu wanavyodhani. Nilitaka Mama amzike mwanawe mwili ukiwa mzima, asisikie kwamba umepasuliwa. Ungefanya nini wewe? Mkeo hasemi nami hadi leo, anasema nimemnyima mwanao jibu. Labda ni kweli. Lakini si yeye ambaye angelazimika kumwambia Mama. Na hata ningekukataza kupigana, ungenisikia? Ulinionyesha mara ngapi Muhammad Ali akiwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta, mwaka 1996, mkono ukitetemeka, ukasema, "Tazama mfalme"? Mimi niliutazama ule mkono, nikautazama wa kwako, nikanyamaza.

Mabondia mnaosoma, ukiumwa kichwa baada ya ngumi usirudi ulingoni hadi daktari akuruhusu, hata kama umeshinda. Mimi singeweza kumlazimisha mtu mzima. Nilikuwa mdogo wake.

Kaka, kuna kijana wa kambi yenu anakuja kukaa nimchore. Juzi alisema kichwa kinamgonga tangu Jumanne, na Jumamosi ana pambano. Nikaweka mkaa chini. Akaniambia nisimwambie mtu, kwa sauti ileile yako.

Nilimpigia mama yake simu akiwa bado amekaa kwenye benchi.