Barua kwa Yaya, kaka yangu mkubwa: nkambo wetu, baba wa babu, hakuwa mtoto wa Lusinga

Yaya, jambo sana.

Nakuandikia hapa wazi kwa sababu na wewe ulisema wazi. Kwenye kilio cha mama mkubwa, hapa Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo, mbele ya wakwe na majirani, ulisimama na ile fimbo yenye kichwa cha pembe ukasema sisi ni damu ya Lusinga, yule chifu wa Watabwa. Wewe ni mkubwa wangu, sikukukatiza. Lakini kesho yake maneno yakaingia kwenye kundi la WhatsApp la familia, na vijana wakaanza kubishana nani atasafiri Brussels kudai fuvu lake. Hapo nikaona kunyamaza kwangu kutakuwa uongo.

Fuvu lipo, hilo si hadithi. Lusinga aliuawa Desemba 1884 na watu waliotumwa na Luteni Émile Storms, yule Mbelgiji aliyejenga kituo cha Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1883, na kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji. Warudishe, naunga mkono. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa kwenye uwanja wake pale Ixelles, na mimi nilifurahi kama wewe. Ninachobisha ni kwamba fuvu lile ni la mtu wa damu yetu.

Unakumbuka sanduku la bati la babu? Shangazi ameniachia funguo tangu mwaka juzi. Ndani mna buku lake la kazi la Union Minière, kampuni ya migodi ya Katanga, la 1929. Tuwashukuru makarani wa kampuni kwa jambo moja: kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilitaka mfanyakazi aishi kambini na mke na watoto, asirudi kijijini, kwa hiyo ilimwandika mtu na nyumba yake yote. Eneo, chifu, kijiji, mke, watoto, poso ya chakula. Kwa babu wameandika alizaliwa karibu na 1912, na penye jina la kijiji karani ameweka neno moja tu: misheni. Nililipita neno hilo mara kumi bila kushtuka. Mtoto wa ukoo wa chifu angetaja kijiji cha chifu. Nani anatoka misheni?

Nikaenda parokia kutafuta buku la ndoa. Niliambiwa nirudi Alhamisi, na Alhamisi zikawa nne, hayo tuyaache. Babu alifunga ndoa 1936. Kwa Wakatoliki anayeoa anaonyesha alikobatizwa, na parokia ya ndoa inapeleka habari kule ili iandikwe pembeni ya jina lake. Kwa hiyo ukishika ndoa umeshika ubatizo, na ukishika ubatizo una majina ya baba na mama. Alibatizwa Mpala. Jina la baba lilikuwa lile lile tunalolijua wewe na mimi, ambalo sitaliandika hapa.

Basi nikaenda Mpala. Treni hadi Kalemie (hiyo nitakusimulia siku tukiwa na muda na bia), halafu mtumbwi wa injini, ziwa upande wa kushoto, milima ya Marungu mbele. Padri alinipokea vizuri, akanitolea buku iliyonakiliwa upya kwa mkono kutoka ile ya kwanza, kwa sababu ile ya kwanza imeliwa na wadudu.

Yaya, wenye jina la nkambo walikuwa saba. Mapadri walikuwa na watakatifu wachache na watoto wengi. Siku mbili nzima nilimfuata mtu asiye wetu, nikashaanza kumpenda, hadi nilipoona amekufa bado kijana, bila mke. Aliyeniokoa ni mke wa nkambo: jina lake la Kitabwa ni gumu na hakuna mwingine mwenye nalo, na ndoa yao ya 1904 imeandikwa pembeni ya mmoja wa wale saba. Nikarudi nyuma kwenye mstari wake. Amebatizwa 1892, umri kama miaka 8. Na penye wazazi, Kilatini: parentibus ignotis. Wazazi hawajulikani.

Nikatafuta ubatizo wa mkewe. Ignotis.

Unajua mwenyewe maana yake kwa Mpala ya miaka ile. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walichukua kituo cha Storms mwaka 1885, wakawa wanakomboa watoto kwenye misafara ya watumwa. Waliwalea, wakawabatiza, wakiwa wakubwa wakawaoza wao kwa wao na kuwapa mashamba kando ya misheni. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, alikuwa amewaamuru mapadri wa kila kituo waandike daftari la kila siku. Rafiki yangu mmoja padri mzee alinitumia picha za kurasa chache za daftari la Mpala zilizohifadhiwa Roma. Kifaransa chake kinasomeka. Mvua, homa, maharage, msafara umepita, vitambaa vimetolewa, watoto wamebaki. Vitambaa wanavihesabu. Watoto wanawahesabu pia, ila majina hayapo.

Kwa hiyo sitakudanganya: hakuna ukurasa unaosema huyu ndiye. Ninachoweza kusema ni kwamba mtoto wa miaka minane asiye na baba wala mama, aliyebatizwa pale mwaka 1892, wakati watu wa Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa wa Ujiji, wakipigana na Kapteni Joubert, mlinzi wa misheni, na Jacques, ofisa Mbelgiji, ameshasimamisha ngome ya Albertville, hakufika misheni kwa kutembea matembezi. Alinunuliwa. Kwa merikani au kwa kaniki, hiyo sijui na haitanisaidia kujua.

Na Lusinga? Lusinga alikuwa na bunduki za wafanyabiashara wa pwani, na alizipata kwa kuvamia vijiji na kuuza watu. Storms hakuwa malaika, alitaka nchi. Lakini ukisema sisi ni damu ya Lusinga, unamweka nkambo kwenye nyumba ya watu waliouza watoto kama yeye. Alipokufa Lusinga nkambo alikuwa bado mgongoni kwa mama yake, mama huyo ambaye jina lake hakuna buku litakalotupa.

Hata lugha hii, Yaya. Tunajivunia kwamba kwetu Kiswahili kilianza zamani, kabla ya wenzetu wa Katuba na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, waliokikuta kazini. Nadhani nkambo alikisikia mara ya kwanza kwa mtu aliyeshika kamba yake.

Najua unaogopa nini. Neno mtumwa hapa Lubumbashi bado ni tusi, linatolewa kwenye ugomvi wa kiwanja na kwenye mahari. Na kwa Watabwa ukoo unapita kwa mama, kwa hiyo utaniuliza: kama nkambo na mkewe wote ni ignotis, ukoo tunaojitaja nao kwenye vilio tumeutoa wapi? Nadhani majirani waliwapokea wakawapa. Kwangu hiyo ni heshima kubwa kuliko fimbo. Ng'ambo ya ziwa, Karema, watu wanamtaja Atiman bila kuficha chochote: alitekwa mtoto, akakombolewa jangwani, akasomea udaktari Malta, akatibu watu pale hadi alipokufa mwaka 1956.

Jambo la mwisho nililipata hapa nyumbani. Niliporudi nilimuuliza shangazi kama anakumbuka chochote alichosimuliwa na babu juu ya baba yake. Alifikiri muda mrefu, akasema: hakutaka kuona mbuzi amefungwa shingoni. Alikuwa akimkuta wa jirani anamfungua, anamfunga mguu, anaenda zake. Walimgombeza sana kwa hilo.

Mwaka mpya uliopita, uani kwako Ruashi, kijana wako alileta mbuzi na kamba shingoni. Ulimpigia kelele. Nilikuwepo. Ukapiga goti mwenyewe na suruali yako nzuri, ukahamisha kamba mguuni, na nilipokuuliza kwa nini, ukasema: kwetu ndivyo tunavyofunga.

Shangazi ana miaka 88 na jioni anachoka. Jumapili baada ya misa ya kwanza nitampeleka kwako, nitakuja na simu ya kurekodi na lile buku la babu. Fimbo iache ukutani. Umwambie mke wako apike bukari na sombe bila pilipili, shangazi haiwezi tena.

Mdogo wako.