Kuhesabu wanyama pekee hakutoshi

Mhariri,

Habari yenu kuhusu kuongezeka kwa wanyamapori ilitaja idadi tu, bila kugusa vinasaba, yaani chembe za urithi. Idadi hudanganya. Puma (paka wakubwa wa porini) wa Florida, Marekani, walipobaki wachache wakazaana ndugu kwa ndugu, wengi wakawa na mikia iliyopinda nchani na madume wenye korodani zisizoshuka. Mwaka 1995 waliletewa majike 8 kutoka Texas. Kasoro zikapungua, kizazi kikaongezeka.

Naomba mamlaka za uhifadhi zipime vinasaba kila zinapohesabu. Kinyesi kibichi kilichookotwa njiani huweza kutosha, bila hata kumlaza mnyama kwa sindano. Ila kabla ya kuhamisha mnyama yeyote ili kuchanganya damu, ijulikane makundi yapi yametenganishwa juzi tu na uzio au barabara, na yapi yalitengana kitambo. Kuchanganya ovyo nako kuna hasara zake.

Msomaji wenu